Hukumu ya Marshall katika Shauri la Marbury

Msomaji, tumezoea kuhakiki mashairi, hadithi na michezo ya kuigiza. Huuliza mtungaji alikusudia nini, maneno yake ameyapangaje, na mwisho kama kazi yake imefikia kusudi lake. Lakini iko aina moja ya maandishi ambayo hukaa mbali na macho ya wanafunzi, nayo ni hukumu za mahakama. Watu wengi hudhani kuwa hukumu ni jambo la kutiiwa tu, si jambo la kusomwa. Wakisikia nani ameshinda na nani ameshindwa, hutosheka. Dhana hiyo ina hasara. Askari aweza kukulazimisha bila kukueleza lolote, ila jaji hana ruhusa hiyo. Jaji hutakiwa kutoa sababu, na mtu atoaye sababu huwa amemwalika kila msikilizaji azipime.

Katika insha hii nataka tupime hukumu moja iliyosomwa Washington, mji mkuu wa Marekani, tarehe 24 Februari, 1803. Msomaji wake alikuwa Jaji Mkuu John Marshall, na shauri lenyewe lilikuwa la William Marbury dhidi ya James Madison. Kwa hukumu hiyo Mahakama ya Juu ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza kuwa kifungu cha sheria iliyopitishwa na Kongresi, yaani bunge la nchi ile, ni batili kwa sababu chapingana na Katiba. Wako waisifuo kana kwamba haina doa, na wako waishutumuo kuwa ni ujanja wa mwanasiasa aliyevaa joho la jaji. Mimi naona kila upande umeshika sehemu ya kweli. Mhakiki mwema hana budi kuzishika sehemu zote mbili pamoja, bila kuiacha moja ili kuipendeza nyingine.

Hukumu hii haisomeki vizuri bila kuujua ugomvi ulioizaa. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 vyama viwili vilishindana vikali. Wafederali, waliotaka serikali kuu yenye nguvu, walimsimamisha Rais John Adams atetee kiti chake. Warepublikani wa siku zile, ambao si chama kijulikanacho kwa jina hilo leo, walimsimamisha Thomas Jefferson. Hao walihofu kuwa serikali kuu ikipata nguvu nyingi itameza uhuru wa majimbo na wa raia. Adams alishindwa. Hata hivyo Jefferson naye hakukipata kiti mara moja, kwani yeye na mwenziwe wa chama kimoja, Aaron Burr, walilingana kwa kura 73 za wajumbe wa uchaguzi. Ikalazimu Baraza la Wawakilishi lichague baina yao. Lilipiga kura mara 36 kabla Jefferson hajapatikana, tarehe 17 Februari, 1801.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Wafederali walikuwa wamepoteza urais, na wingi wao katika Kongresi ulikuwa ukingoni kwisha. Ngome moja tu ilibaki, nayo ni mahakama, ambako majaji hukaa maisha maadamu wana mwenendo mwema. Basi katika majuma ya mwisho ya utawala wao walipitisha sheria ya kuanzisha viti 16 vipya vya majaji. Sheria hiyo hiyo iliagiza kuwa majaji wa Mahakama ya Juu wapunguzwe kutoka sita hadi watano pindi kiti kimoja kitakapokuwa wazi, na kwa hiyo Jefferson angekawia kupata nafasi ya kumteua mtu wake. Sheria nyingine iliruhusu wateuliwe mahakimu wadogo wa wilaya ya mji mkuu, watu wa kuamua mashauri madogo madogo kwa muda wa miaka mitano. Adams aliteua 42, na Seneti ikawathibitisha tarehe 3 Machi, siku moja kabla ya utawala wake kwisha.

Kila mteule alihitaji hati yenye saini ya Rais na muhuri wa taifa. Saini zilitiwa na mihuri ikagongwa, lakini muda ulikwisha na baadhi ya hati zikabaki katika ofisi ya Waziri wa Mambo ya Nje. Sasa shika neno hili, msomaji, maana tutalirudia. Waziri aliyekuwa na wajibu wa kuzitia hati hizo muhuri na kuzipeleka kwa wenyewe alikuwa John Marshall. Tangu mwezi wa Februari alikuwa amekwisha kula kiapo cha Jaji Mkuu, akawa anazishika kazi zote mbili mpaka siku ya mwisho.

Tarehe 4 Machi Adams aliondoka mjini kabla ya mapambazuko, asingoje kumwona mshindani wake akiapishwa. Aliyemwapisha Jefferson alikuwa Marshall, jamaa yake wa mbali kwa upande wa ukoo wa Randolph, na mpinzani wake katika siasa. Rais mpya alipoambiwa habari za hati zilizosalia, aliamuru zisitolewe. William Marbury, mmoja wa wateule walionyimwa hati, alikwenda na wenzake watatu katika Mahakama ya Juu mwezi wa Desemba, 1801. Waliomba mahakama itoe amri ya kumlazimisha waziri mpya, James Madison, awape hati zao.

Kongresi mpya, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa chama cha Jefferson, haikukaa kimya. Mwezi wa Machi, 1802, iliifuta sheria ya majaji 16. Kisha ikabadilisha majira ya vikao, hata Mahakama ya Juu isikutane tena mpaka Februari, 1803. Tazama jinsi mashindano yalivyokuwa yamefika. Chama kilichoshindwa kilikuwa kimejenga viti vya kujifichia, na chama kilichoshinda kikawa kinavivunja viti hivyo huku wenyewe wamevikalia.

Fikiri basi hali ya Marshall alipoketi kuamua. Kama angemwamuru Madison azitoe hati, yamkini Madison angepuuza, kwani serikali haikuwa imeleta hata wakili wa kulijibu shauri. Nayo mahakama haina jeshi wala hazina. Alexander Hamilton alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1788, katika makala zake za kuitetea Katiba, kuwa mahakama ndiyo mhimili dhaifu kuliko yote, kwa sababu haishiki upanga wala mfuko wa fedha. Kitu chake ni uamuzi tu. Amri iliyopuuzwa mbele ya watu ingeonyesha udhaifu huo waziwazi. Na kama Marshall angekataa kutoa amri bila neno jingine, watu wangesema ameogopa. Njia zote mbili zilikuwa na aibu mwisho wake.

Sasa na tuisome hukumu yenyewe. Marshall aliipanga kwa maswali matatu. Swali la kwanza: Je, Marbury ana haki ya kupata hati? Akajibu kuwa anayo. Rais akisha kutia saini na muhuri ukigongwa, uteuzi umetimia, na kuipeleka hati kwa mwenyewe ni desturi tu, si sharti la uteuzi. Swali la pili: Ikiwa haki hiyo imevunjwa, je, sheria za nchi zampa dawa? Akajibu kuwa zampa. Nchi ijivuniayo kutawaliwa kwa sheria haiwezi kumwacha raia aliyedhulumiwa bila mahali pa kukimbilia. Hapa alitenga mambo mawili kwa uangalifu. Yako mambo ambayo Rais na mawaziri wameachiwa kuamua kwa busara yao, na katika hayo huulizwa na wapiga kura, si na majaji. Tena iko kazi ambayo sheria imewaagiza waifanye kwa ajili ya haki ya mtu fulani, na katika hiyo waziri hana hiari kuliko mtu mwingine yeyote.

Mpaka hapo kila msikilizaji alitazamia kumsikia Madison akiamriwa atoe hati. Ndipo likaja swali la tatu: Je, amri hiyo yaweza kutoka katika mahakama hii? Marshall akajibu kuwa haiwezi. Katiba, alisema, imetaja mashauri machache ambayo Mahakama ya Juu huyasikiliza tangu mwanzo, yaani yahusuyo mabalozi na wajumbe wa nchi za nje, na yale ambayo jimbo mojawapo ni mdai au mdaiwa. Mengineyo hufika kwake kwa njia ya rufani. Marbury hakuwa balozi wala jimbo. Kweli, kifungu cha 13 cha sheria ya mahakama ya mwaka 1789 kilionekana kuiruhusu mahakama kutoa amri za namna ile. Lakini ikiwa kifungu hicho chaiongezea mahakama uwezo ambao Katiba haikuipa, basi chapingana na Katiba, na kipinganacho na Katiba si sheria. Marbury akaondoka mikono mitupu.

Mtu akiitazama hukumu hiyo kama maandishi, la kwanza la kusifu ni uwazi wake. Hoja kuu haikufichwa nyuma ya maneno ya wanasheria, hata mwanafunzi aweza kuifuata hatua kwa hatua. Wananchi wameandika Katiba ili kuwawekea watawala mipaka. Mipaka isiyomzuia mtu si mipaka. Basi, ama Katiba iko juu ya sheria za kawaida, ama bunge laweza kuibadilisha kwa sheria yoyote lipendayo. Hapana njia ya tatu. Likichaguliwa jibu la pili, kazi yote ya kuandika Katiba ilikuwa mchezo wa watoto. Likichaguliwa la kwanza, jaji akutaye sheria mbili zikigombana mbele yake, moja kubwa na moja ndogo, atafanya nini ila kuifuata iliyo kubwa?

La pili la kusifu ni mifano yake. Marshall hakuiacha hoja ielee hewani. Alikumbusha kuwa Katiba yakataza kutoza ushuru bidhaa zitokazo katika jimbo lolote. Je, bunge likitoza ushuru wa pamba, tumbaku au unga, na mtu akashtakiwa kwa kutolipa, majaji wafumbe macho wasiione Katiba? Katiba yasema mtu hapatikani na hatia ya uhaini mpaka mashahidi wawili walishuhudie tendo moja, au yeye mwenyewe akiri mbele ya mahakama. Je, bunge likisema shahidi mmoja atosha, jaji amhukumu mtu kufa kwa ushahidi huo? Mfano huu wa pili ndio wenye nguvu zaidi katika hukumu nzima. Watupeleka mahali ambapo uhai wa mtu watundikwa juu ya maana ya neno moja la Katiba, na watuonyesha kuwa mipaka ya bunge ni ngao ya mtu mnyonge, si jambo la wakubwa peke yao.

Hizo ndizo sifa zake. Makosa yake nayo si madogo, na hatumheshimu mwandishi mkubwa kwa kuyafunika.

Kosa la kwanza ni la mwamuzi kabla ya kuwa la uamuzi. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Marshall ndiye aliyezitia muhuri hati zile, naye ndiye aliyeshindwa kuzifikisha kwa wenyewe. Zaidi ya hayo, ndugu yake James alikuwa amechukua baadhi ya hati siku ile ili azigawe, akarudisha alizoshindwa kuchukua, na kiapo chake cha maandishi kilisomwa mahakamani kuwa ushahidi. Mtu aliyestahili kusimama kizimbani akaulizwa habari za hati aliketi juu ya kiti akiuliza wengine. Jaji mwenye mkono wake ndani ya shauri angejitoa na kuwaachia wenzake waamue. Wala Marshall hakuwa mgeni wa desturi hiyo. Siku sita baadaye, katika shauri la Stuart dhidi ya Laird, alijitoa kwa sababu alikuwa amekwisha kulisikiliza katika mahakama ya chini. Kwa nini basi hakujitoa katika la Marbury? Hukumu yake haitoi jibu, na kimya hicho kwangu ni doa lake kubwa kuliko yote.

Kosa la pili ni mpangilio wa maswali. Desturi ya mahakama ni kuanza kwa kuuliza: Je, shauri hili ni letu? Likiwa si letu, tunyamaze. Marshall aliliweka swali hilo mwisho. Kwanza alitumia kurasa nyingi kumweleza Rais na waziri wake kuwa wamevunja haki ya mtu, ndipo akasema hana uwezo wa kuliamua shauri. Jefferson hakulisahau jambo hilo. Miaka 20 baadaye, katika barua aliyomwandikia Jaji William Johnson mwaka 1823, alilalamika kuwa Jaji Mkuu aliendelea kufundisha sheria juu ya shauri ambalo mwenyewe alikuwa amekiri kuwa halimhusu. Lalamiko hilo lina haki. Yafanana na mzee aitwaye kusuluhisha ugomvi, akamsema mmoja saa nzima mbele ya watu, kisha akamalizia kwa kusema ugomvi huu si wa ukoo wake.

Kosa la tatu ni jinsi alivyokisoma kifungu cha 13. Kifungu hicho chaweza kusomwa kwa njia isiyogombana na Katiba, yaani kuwa mahakama itatoa amri za kulazimisha katika mashauri ambayo tayari ina uwezo nayo, si kuwa imeongezewa mashauri mapya. Jaji aonaye njia mbili za kuisoma sheria, moja ya kuiokoa na nyingine ya kuiua, hupaswa kwanza kujaribu ile ya kuiokoa. Marshall alichukua ile ya kuiua, na msomaji aweza kushuku kuwa alikuwa akiitafuta nafasi hiyo.

Kosa la nne limo katika hoja ya kiapo. Marshall alisema kuwa majaji huapa kuitii Katiba, na kuwalazimisha kutumia sheria inayoivunja ni kuwafanya wakivunje kiapo. Maneno hayo yapendeza masikioni. Lakini Rais naye huapa, na wajumbe wa Kongresi huapa vile vile. Kiapo cha wote hakiwezi kuthibitisha uwezo wa mmoja. Jaji John Gibson wa jimbo la Pennsylvania alilionyesha kosa hilo mwaka 1825, kwa hoja zilizo safi kama za Marshall mwenyewe.

Pengine utauliza, msomaji: Ikiwa hukumu ina makosa manne, tuitupe? Hapa ndipo penye funzo. Makosa matatu ya kwanza yamhusu mtu na njia aliyopita. Hayaigusi hoja kuu. Mtu aliye na sababu mbaya ya kusema kweli hajaigeuza kweli kuwa uongo. Kosa la nne laigusa hoja, lakini lavunja nguzo moja tu, na nguzo nyingine zabaki zimesimama. Mfano wa mashahidi wawili haukujibiwa na Jefferson wala na Gibson kwa namna iwezayo kumridhisha mtu anayengoja kunyongwa. Kwa hiyo twaweza kumlaumu Marshall kwa kuketi mahali asipopaswa kuketi, huku tukikubali kuwa alichosema huko kilikuwa na uzito.

Tena tuitazame busara yake ya kujinyima. Alichokataa Marshall ni uwezo mdogo, wa kumwamuru waziri atoe kipande cha karatasi. Alichojithibitishia ni uwezo mkubwa, wa kupima sheria zote za nchi. Na kwa kuwa aliutangaza ule mkubwa kwa njia ya kuukataa ule mdogo, maadui zake hawakupata amri ya kuivunja. Jefferson alikuwa ameshinda shauri. Angegombana na nini? Ujanja ulikuwamo, hapana shaka. Lakini mahakama isiyo na upanga haina njia nyingi.

Usidhani kuwa tangu siku hiyo majaji walistarehe. Tarehe 2 Machi, 1803, katika shauri hilo la Stuart, mahakama ilikubali sheria ya kuwaondoa wale majaji 16 wa Wafederali. Mwaka 1804 Seneti ilimwondoa Jaji John Pickering. Kisha chama cha Jefferson kikamshtaki Jaji Samuel Chase wa Mahakama ya Juu, ambaye hakuficha mapenzi yake ya chama hata kizimbani mwake. Tarehe 1 Machi, 1805, Seneti ilimwachilia Chase, ingawa chama cha Rais ndicho kilichokuwa na viti vingi humo. Baadhi ya wafuasi wa Jefferson walikataa kumtoa jaji kwa sababu ya maoni yake. Watu hao husahauliwa wakati wa kugawa sifa. Marshall aliandika kuwa mahakama ni huru. Lakini walioihifadhi siku hiyo ni maseneta wa upande wa pili, waliopiga kura kinyume cha matakwa ya chama chao.

Na je, uwezo ule mkubwa ulitumikaje? Mahakama ya Juu haikuibatilisha sheria nyingine ya Kongresi mpaka mwaka 1857, miaka 54 baadaye, katika shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake. Jaji Mkuu Roger Taney alisema kuwa watu weusi wa asili ya Kiafrika hawawezi kuwa raia wa Marekani, na kuwa Kongresi haina uwezo wa kuuzuia utumwa katika maeneo mapya ya nchi. Uwezo ambao Marshall aliutetea kwa mfano wa ngao ya mnyonge ulitumika kumponda mnyonge. Hukumu ya Taney haikuumaliza ugomvi. Iliuchochea, na mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Makosa yake yalisahihishwa kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1865 na ya mwaka 1868, baada ya damu nyingi kumwagika. Jefferson, aliyeonya kuwa majaji wakiwa na neno la mwisho wataigeuza Katiba kama nta mikononi mwao, alikuwa ameona jambo la kweli, ingawa yeye mwenyewe alimiliki watumwa.

Lakini mwaka 1954, katika shauri la Brown, mahakama hiyo hiyo iliamua kuwa kuwatenga wanafunzi weusi na weupe katika shule za serikali kwapingana na Katiba. Gavana wa jimbo la Arkansas alipowazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shuleni katika mji wa Little Rock mwaka 1957, Rais Eisenhower alipeleka askari wawasindikize. Mwaka uliofuata mahakama ilipowajibu wakuu wa jimbo hilo, iliitaja hukumu ya Marbury kwa jina lake. Hapo tena twaona udhaifu ambao Hamilton aliueleza. Maneno yalikuwa ya majaji, lakini bunduki zilikuwa za Rais. Hukumu haitembei kwa miguu yake. Hubebwa na watu walioziamini sababu zake, au wanaoona wajibu wa kuzitii hata kama hawazipendi.

Habari hizi hazituhusu kwa udadisi tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikuwaachia majaji walifumbue fumbo ambalo Marshall alilazimika kulifumbua. Kifungu cha 2 chasema kuwa sheria yoyote isiyopatana na Katiba ni batili kwa kadiri ya kutopatana kwake. Kifungu cha 165 nacho chaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamua swali hilo. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna haja ya kubishana iwapo majaji wana uwezo huo, umeandikwa. Lakini kuandikwa kwa uwezo hakuondoi haja ya kuupima kila utumiwapo. Tarehe 1 Septemba, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa Rais, majaji walio wengi walitoa sababu zao, na wawili waliopinga wakatoa zao. Wangapi kati ya walioshangilia au kulalamika walizisoma za pande zote mbili?

Basi, msomaji, utakapoletewa hukumu ya mahakama yoyote, usianze kwa kuuliza kama aliyeshinda ni mtu wa upande wako. Uliza kwanza kama aliyeamua alistahili kuketi. Uliza kama ameanza mahali panapopasa kuanza. Uliza kama sheria aliyoiua ingeweza kuokolewa, na kama hoja yake ingesimama vile vile endapo ingemnufaisha mpinzani wake. Kisha tafuta katika hukumu yenyewe mtu mnyonge kuliko wote, uone imemwacha wapi. Wafederali waliomsifu Marshall mwaka 1803 hawakuuliza hayo, na Warepublikani waliomlaani hawakuyauliza pia. Kila mmoja alihesabu mabao.

Na Marbury je? Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kuwa hati ile ilikuwa haki yake, na hakuipata kamwe. Alifariki mwaka 1835, mwaka ule ule aliofariki Marshall. Jina lake lasomwa na kila mwanafunzi wa sheria wa Marekani, lakini hakuketi hata siku moja katika kiti alichokidai. Wakubwa walipogombana juu ya nani mwenye neno la mwisho, dai lake ndilo lililotumika kuwa uwanja. Kila tuisifupo hukumu hii, yatupasa kulikumbuka hilo.